DAMU YA ASKARI NI AMANA
Somo la Ijumaa juu ya serikali inayopeleka watoto wa watu katika vita vya mbali

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baad. 

Somo letu la leo linatokana na swali ambalo waumini huliuliza kwa sauti ya chini wakitoka msikitini: Je, Mwislamu anaruhusiwa kusema kwamba serikali imekosea katika mambo ya vita? Wako wanaojibu upesi kwamba hapana, vita ni mambo ya wakubwa, raia anyamaze na aombe dua. Wako wengine wanaotukana tu, leo huyu kesho yule, bila kujua wanalolisema. Wote wawili hawatufundishi kitu. Basi tuchukue mfano wa vita ambavyo wazee wa hapa Base waliviona kwa macho yao, tuvipime kwa mizani ya dini yetu, kisha kila mmoja arudi nyumbani na jibu.

1. BASE YETU NA MAJESHI YA WATU

Base ya Kamina ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Haikujengwa kwa ajili ya watu wa Kamina. Wabelgiji waliogopa vita vingine huko Ulaya, wakataka mahali pa mbali pa kuweka ndege na askari wao. Uhuru ulipofika mwaka 1960, askari wa Umoja wa Mataifa waliishika. Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji walitua hapa kwa ndege za Marekani, kisha wakaenda kushuka Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Katika miaka ya 1980 silaha za Marekani kwa ajili ya UNITA ya Angola zilipitishwa hapa. Kisha katika vita vilivyoanza mwaka 1998 wakaja askari wa Zimbabwe.

Kila jeshi lililotua kwenye uwanja huu lilitumwa na serikali fulani. Na nyuma ya kila serikali kulikuwa na watu: akina mama waliowazaa hao askari, wakulima na wafanyakazi waliolipa kodi. Askari ni mtoto wa mtu kabla ya kuwa askari wa Rais. Hao wazazi na hao walipa kodi wana haki gani mbele ya mtawala wao? Hilo ndilo somo letu.

2. VITA VYA ZIMBABWE KATIKA NCHI YETU

Tarehe 2 Agosti 1998 uasi ulianza Goma, nyuma yake wakiwa Rwanda na Uganda. Siku mbili baadaye askari walirushwa kwa ndege hadi Kitona, karibu na bahari, wakashika bwawa la Inga na kuikatia Kinshasa umeme. Rais Laurent-Désiré Kabila akaomba msaada. Zimbabwe, Angola na Namibia wakaitika mwezi ule ule. Zimbabwe peke yake ilifikia kuwa na askari zaidi ya 10,000 katika Kongo.

Haki isemwe. Walikuja kwa mwaliko wa serikali yetu. Wao na Waangola ndio waliosimama na kuzuia Kinshasa isianguke. Huko Ikela walizingirwa msituni miezi mingi. Desemba 2000, Pweto ilipoanguka, askari wa Kongo na washirika wao walikimbilia Zambia pamoja na maelfu ya raia wa Katanga. Watu hao walikufa katika nchi ambayo si yao. Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Maida aya ya 8, inatuagiza tusiache chuki kwa watu ituondoe kwenye uadilifu. Basi tunaposema kwamba serikali ya Zimbabwe ilikosea, hatumsemi askari aliyelala katika handaki na malaria mwilini. Tutofautishe aliyetumwa na aliyetuma.

Aliyetuma ni serikali ya Rais Robert Mugabe. Na raia wa Zimbabwe wenyewe hawakuvipenda vita hivi. Si kwa sababu waliwachukia Wakongo. Ni kwa sababu tatu, na kila moja ina mizani yake katika dini yetu.

3. KOSA LA KWANZA: WATU HAWAKUULIZWA

Uamuzi wa kupeleka jeshi Kongo ulitoka kwa Rais na watu wachache waliomzunguka. Bunge la Zimbabwe halikuombwa idhini kabla askari hawajapanda ndege. Mkulima wa Masvingo na fundi wa Bulawayo walisikia habari wakati vijana wao walikuwa wamekwisha fika Kinshasa.

Sasa tutazame Sunna. Katika mwaka wa 3 wa Hijra, Makuraishi walipokuja kuishambulia Madina, Mtume (s.a.w.) aliwakusanya watu akawauliza: tukae ndani ya mji tujilinde, au tutoke nje tukawakabili? Yeye mwenyewe alipendelea kukaa ndani. Vijana wengi ambao hawakuwahi kuwa Badr walitaka kutoka. Akakubali rai yao. Wakatoka kwenda Uhud, na huko wakauawa Waislamu kiasi cha 70, akiwemo Hamza (r.a.), ami yake Mtume.

Mtu wa dunia angesema: hii ndiyo hasara ya kuuliza watu. Lakini Mwenyezi Mungu (s.w.) akafundisha kinyume chake. Baada ya Uhud iliteremka aya ya 159 ya Surat Aal Imran, ambayo inamwamuru Mtume awasamehe, awaombee maghufira, na aendelee kushauriana nao katika mambo. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Shura haikufutwa kwa sababu ya kushindwa vita. Ilikaziwa. Na katika Surat ash-Shura, aya ya 38, kushauriana kumewekwa kati ya Sala na kutoa katika riziki, kuwa sifa ya waumini.

Ikiwa Mtume anayepokea wahyi aliamriwa kuuliza watu wake kuhusu vita, ni Rais gani wa leo aliye mkubwa kiasi cha kutouliza?

Wala tusiwanyooshee Wazimbabwe peke yao. Na upande wetu, mwaka 1998, hapakuwa na Bunge lililochaguliwa na watu. Mwaliko ulitolewa, mikataba ikafanywa, na mwenye nchi hakujua masharti yake.

4. KOSA LA PILI: WATU HAWAKUAMBIWA UKWELI

Vita vilipoanza kuwa virefu, watu wa Zimbabwe waliuliza maswali mawili ambayo kila mzazi angeuliza: wangapi wamekufa, na tunalipa kiasi gani?

Juu ya waliokufa, serikali haikutoa hesabu kamili ambayo watu waliiamini. Juu ya fedha, serikali iliwaambia wakubwa wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwamba vita vinakula dola milioni 3 za Marekani kwa mwezi. Mwezi wa Oktoba 1999 gazeti la Financial Times la London likatoa habari ya hati ya ndani ya serikali, iliyoonyesha dola milioni 166 kwa miezi 6 ya kwanza ya mwaka ule. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya dola milioni 27 kwa mwezi, karibu mara 9 ya ile waliyotaja. Agosti 2000 Waziri mpya wa Fedha, Simba Makoni, alikiri kwamba vita vilikuwa vimekula zaidi ya dola milioni 200 katika miaka 2. Na wakati huo raia wa kawaida alikuwa anapanga mstari kutafuta petroli.

Na waliouliza kwa kalamu walipata nini? Januari 1999 gazeti la The Standard la Harare liliandika kwamba askari 23 wamekamatwa kwa kupanga kupindua serikali, na kwamba vita vya Kongo vimo katika manung'uniko yao. Serikali ilikanusha. Mhariri Mark Chavunduka na mwandishi Ray Choto walikamatwa, wakateswa. Majaji walipomwandikia Rais kuuliza juu ya jeshi kushika raia, aliwajibu kwenye televisheni kwamba afadhali wajiuzulu. Mwezi wa Mei 2000 mahakama ya juu kabisa ya Zimbabwe ikafuta kifungu cha sheria kilichotumika kuwashitaki wale waandishi wawili. Haki ilirudi, lakini mateso yalikuwa yamekwisha fanyika.

Nawaombeni mlinganishe na Sayyidna Umar (r.a.). Wapokezi wanasimulia kwamba baada ya vita vya Nahawand, mwaka wa 21 wa Hijra, mjumbe alimletea habari ya ushindi. Umar hakuanza kwa kushangilia. Aliuliza nani wamekufa. Mjumbe akamtajia kamanda an-Nu'man bin Muqarrin na watu mashuhuri, kisha akasema kwamba wapo na wengine ambao Amiri wa Waumini hawajui. Umar akalia. Akasema kwa maana kwamba haiwadhuru kutojulikana na Umar, maana Mola wao anawajua.

Huyo ndiye kiongozi. Yeye alitafuta majina ya wafu, hakuyaficha. Machozi yake hayakumpunguzia heshima ya utawala. Serikali inayoficha idadi ya wafu inajiogopa yenyewe kuliko inavyomwogopa adui. Na inasahau kwamba kuna daftari lingine ambalo halifichwi, ambamo kila nafsi imeandikwa.

5. KOSA LA TATU: MALI YA WATU ILIGAWANYWA KULIPA VITA

Vita vina gharama, na wakubwa walitafuta mahali pa kurudisha gharama zao. Mahali hapo palikuwa ni ardhi yetu. Novemba 1998 mfanyabiashara wa Zimbabwe, Billy Rautenbach, aliwekwa kuwa mkuu wa Gécamines, kampuni ambayo ni mama wa Katanga nzima. Alikaa hadi Machi 2000. Almasi za Mbuji-Mayi na misitu viliingizwa katika kampuni za ushirika kati ya wakubwa wa Zimbabwe na wakubwa wa Kongo.

Oktoba 2002 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti yao. Walisema kwamba katika muda wa miaka 3, mali za migodi ya serikali ya Kongo zenye thamani ya angalau dola bilioni 5 zilihamishiwa kwa kampuni za watu binafsi, na hazina ya nchi haikupata malipo wala faida. Katika majina yaliyotajwa alikuwemo Emmerson Mnangagwa, aliyekuwa Spika wa Bunge la Zimbabwe wakati ule. Yaani mkuu wa nyumba ambayo kazi yake ni kuuliza serikali, jina lake limo katika ripoti. Walikuwemo na wakubwa wa Kongo. Ripoti hiyo iliwasema pia watu wa Rwanda na Uganda kwa waliyoyafanya upande wa mashariki. Hakuna aliyetoka na mikono mitupu, isipokuwa askari wa chini na raia.

Rudini tena kwenye Sira. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 wa Hijra, Madina ilizingirwa na makabila mengi. Mtume (s.a.w.) alifikiria kuwapa kabila la Ghatafan theluthi moja ya tende za Madina ili waondoke. Hali ilikuwa mbaya, na yeye ndiye mkuu wa mji. Lakini tende hazikuwa zake. Kwa hiyo aliwaita Sa'd bin Muadh na Sa'd bin Ubada (r.a.), wakuu wa Ansari wenye mitende ile, akawauliza. Walimuuliza kama ni amri ya Mungu. Alipowaambia kwamba ni rai tu kwa ajili ya kuwapunguzia uzito, walikataa. Naye akaliacha jambo hilo.

Mtume hakutoa hata punje ya tende ya watu kulipa vita bila idhini ya wenye mitende. Kwetu shaba, kobalti na almasi vilitolewa, na wenye ardhi walipata habari miaka baadaye, tena kwa kusomewa na wageni.

6. DENI LA DAMU HALIOZI

Mtu atasema: sheikh, hayo yamepita, askari wa mwisho wa Zimbabwe waliondoka Oktoba 2002, kwa nini kuchimbua kaburi? Jibu ni kwamba deni la damu halifutwi na muda.

Tazameni Kisangani. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda, waliokuwa marafiki, walipigana wao kwa wao ndani ya mji wa watu. Siku 6 mabomu yalianguka juu ya nyumba, na mamia ya raia wakafa. Hata raia mmoja wa Kisangani hakuwa ameuliza vita vile. Kongo ikapeleka mashitaka dhidi ya Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague. Tarehe 19 Desemba 2005 mahakama ilihukumu kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kuingia Kongo na kwa yale yaliyofanywa na askari wake. Tarehe 9 Februari 2022 ikataja malipo: dola milioni 325. Katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa ajili ya mali zilizoharibiwa, na milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa ardhi uliochukuliwa. Malipo yakapangwa kwa miaka 5, dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022.

Anayelipa ni nani? Si wale majenerali. Ni mlipa kodi wa Uganda, akiwemo mtoto ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 2000. Hayo ndiyo matokeo ya vita visivyoulizwa: waliokula wameondoka, na wasiokula wanaletewa hesabu.

Dini yetu ilitangulia katika jambo hili. Baada ya kuifungua Makka, Mtume (s.a.w.) alimtuma Khalid bin al-Walid (r.a.) kwa Banu Jadhima. Hakumtuma kupigana. Wakauawa watu ambao hawakustahili kuuawa. Habari ilipofika, Mtume hakusema kwamba huyu ni kamanda wetu tumfiche. Aliinua mikono mbinguni, akajitenga na kitendo kile mbele ya Mola wake. Kisha akamtuma Sayyidna Ali (r.a.) na mali, akalipe dia ya kila aliyeuawa na fidia ya kila kilichopotea. Katika Sira imesimuliwa kwamba Ali alilipa hata chombo cha kunyweshea mbwa, na mali iliyobaki akawaachia kwa tahadhari, isije ikawa kuna haki iliyosahauliwa.

Chombo cha mbwa kililipwa! Nasi tuna wajane wa Kisangani waliosubiri zaidi ya miaka 20. Na hapa neno letu linarudi kwa serikali yetu wenyewe. Fedha za Uganda zinaingia mikononi mwa dola la Kongo, na mfuko wa kuwagawia wahanga umewekwa. Fedha hizo si za waziri wala si za chama. Mwenye kuchelewesha haki ya mjane naye ana sehemu katika dhulma, hata kama hakupiga risasi.

7. JE, KUSEMA HAYA NI FITNA?

Wapo wanaotaja aya ya 59 ya Surat an-Nisaa, ambayo inaamrisha kumtii Mwenyezi Mungu, Mtume na wenye mamlaka. Wanaisoma nusu, wanaiacha nusu. Aya hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba mkigombana katika jambo, lirudisheni kwa Mwenyezi Mungu na Mtume. Maana yake ni kwamba kugombana na mwenye mamlaka kunawezekana, na wako wawili walio juu yake. Na aya iliyo kabla yake, ya 58, inaanza na kurudisha amana kwa wenyewe na kuhukumu kwa uadilifu. Amana kwanza, utii baadaye.

Abu Bakr (r.a.) alipochaguliwa kuwa Khalifa, katika hotuba yake ya kwanza aliwataka watu wamsaidie akifanya vizuri na wamnyooshe akipotoka. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba neno la haki mbele ya mtawala dhalimu ni katika jihadi bora. Basi kumwambia mtawala ukweli si uasi. Ni nasaha, na nasaha ni nguzo ya dini.

Lakini nasaha ina mipaka yake, na tuijue:

a) Sema unalolijua. Surat al-Hujurat aya ya 6 inatuamuru tuchunguze habari kabla ya kuibeba. Habari nyingi za simu tunazotumiana ni uongo, na uongo juu ya vita huua.

b) Usitoe siri ya jeshi. Kuuliza wafu ni wangapi ni haki. Kutangaza kikosi kiko wapi na kinaondoka lini ni kumsaliti mtoto wa jirani yako.

c) Usigeuze neno kuwa chuki ya kabila au ya taifa. Mnyarwanda, Mganda na Mzimbabwe si serikali zao. Muuza duka au mwanafunzi hana kesi ya jenerali.

d) Neno lako lisishike silaha. Kongo imejaa watu walioanza na malalamiko ya haki wakamaliza kwa kuchoma vijiji.

8. SISI WA BASE TUFANYE NINI?

Somo hili si la Harare na Kampala tu. Hapa Base ni mahali pa kufundishia askari. Vijana wanakuja na nguo za nyumbani, wanaondoka na nguo za serikali kwenda mashariki. Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, walikufa askari wetu, na walikufa pia askari wa nchi za SADC waliotumwa kutusaidia: Afrika Kusini 14, pamoja na wa Malawi na Tanzania. Huko Afrika Kusini majina yalitangazwa, maiti zikarudishwa, na wabunge wakamuuliza Rais na waziri wa ulinzi maswali makali: kwa nini vijana walipelekwa bila ndege za kuwakinga? Malawi ikaamua kurudisha askari wake, na Machi 2025 SADC ikafunga kazi ile. Kuulizwa hakukuzivunja nchi hizo.

Sasa fikirini mama wa kwetu anayekaa mwaka mzima bila kujua mwanawe yu hai au amekufa. Hawezi kusoma hitima, hawezi kufunga matanga. Mke wake haijui eda yake itaanza lini. Watoto hawajui kama urithi umefunguka. Ndugu zangu, kuficha jina la aliyekufa si jambo la siasa tu. Kunazuia hukumu za Mwenyezi Mungu zisitekelezwe ndani ya nyumba ya Mwislamu. Sala ya maiti, eda, mirathi, kulipa madeni ya marehemu, yote yanangoja neno moja tu kutoka kwa mkubwa: amekufa, au yu hai.

Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.), akizunguka usiku mjini Madina, alimsikia mwanamke akilalamika upweke kwa sababu mumewe yuko vitani. Akamwuliza binti yake Hafsa (r.a.) mwanamke anaweza kuvumilia muda gani. Kisha akaweka amri kwa makamanda: askari asikae mbali na nyumba yake zaidi ya miezi michache iliyopangwa. Malalamiko ya mwanamke mmoja, nyuma ya ukuta, yalibadili sheria ya jeshi zima.

Kwa hiyo tufanye haya, na tuyafanye kwa adabu:

Kwanza, familia za askari zisibaki peke yake. Kila familia ambayo mtoto wake yuko mashariki ijulikane kwa wazee wa msikiti. Mama akienda kuuliza habari za mwanawe, asiende yeye tu na machozi yake. Afuatane na wazee wawili, aandike barua, aweke nakala.

Pili, tuwaulize wabunge wetu. Mtu anapokuja kuomba kura hapa Base na mjini Kamina, tumuulize kabla ya chumvi na fulana: utauliza nini juu ya askari waliokufa, mshahara wa walio hai na haki ya wajane? Asiyeweza kujibu leo hatajibu kesho.

Tatu, nyinyi askari mlio wakubwa wa wenzenu. Mchungaji ataulizwa juu ya kundi lake. Mshahara wa askari wako usipungue katika mkono wako. Jina lake likikatika katika daftari la walio hai, lisibaki bado linakula mshahara. Hiyo ni haramu, nayo ni moto tumboni.

Nne, tusinyamaze kwa kusema kwamba hayatuhusu. Wazimbabwe wengi walinyamaza mwaka 1998 kwa sababu Kongo ilikuwa mbali. Halafu vita vikaja nyumbani kwao kwa njia ya bei ya mkate.

Ndugu zangu, vita vikiwa vya kujilinda, dini inaruhusu, tena kwa masharti. Lakini hakuna vita vinavyompa mtawala ruhusa ya kutouliza, ya kudanganya, ya kugawa mali ya watu na ya kusahau wafu. Damu ya askari ni amana mkononi mwa aliyemtuma. Siku ya Kiyama amana zote zitarudishwa, na hapo hakuna siri ya serikali.

Ee Mola wetu, warehemu waliokufa katika vita vya nchi hii, wanaojulikana na wasiojulikana, wenyeji na wageni. Wape wajane subira na haki yao. Waongoze viongozi wetu wapende kuulizwa. Rudisha amani Kivu na Ituri, na uwarudishe watoto wetu salama. Amina.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Ukimaliza kusoma mpe jirani. Usiitupe karatasi hii chini, ina jina la Mwenyezi Mungu. Isisomwe wakati imamu yuko juu ya mimbari.)